Denzil Crabtree na Mkate wa Arvella

Juma la kwanza la ndoa yao, mwaka 1966, Denzil Crabtree aliuma kipande cha mkate wa mahindi, akakitafuna mara mbili, kisha akabaki mdomo wazi kama mtu aliyezabwa kofi kanisani. Mkate ulikuwa na mafuta ya taa. Wala si tone lililomwagika kwa bahati mbaya. Ulikuwa umekolea harufu hiyo ndani na nje, kana kwamba umeokwa ndani ya kandili.

Akamtazama mkewe. Arvella, msichana wa miaka ishirini, mwenye nywele nyekundu na vidoadoa vya jua puani, alikuwa anakula. Alikuwa amepaka siagi, anatafuna taratibu, macho yakiwa dirishani kwa ng'ombe wa jirani. Alipomaliza kipande chake akachukua kingine.

"Mbona huli?" akauliza.

"Arvella, unga wa mahindi umeuweka wapi?"

"Stoo. Chini pale, karibu na debe la mafuta ya taa. Kwani vipi?"

Denzil akaitazama sahani, kisha akamtazama yeye. Mwanamke huyu alikuwa mke wake kwa siku sita tu, na alikuwa anaumaliza mkate ule mbele ya macho yake bila hata kukunja uso. Denzil akaanza kucheka kwa sababu hakuona jambo jingine la kufanya.

"Mke wangu, mtu akipita hapa na kiberiti, sote wawili tunatua Tennessee."

Arvella akakirudisha kipande sahanini. Rangi ya uso ilimtoka kwa nukta moja. Kisha naye akacheka, tena akacheka kumzidi.

"Hebu niambie vizuri," akasema akijifuta macho. "Harufu yake ikoje?"

"Ikoje? Kama soksi za fundi wa trekta zilizoanikwa juu ya taa ya chemli."

"Soksi!" Arvella akashika meza kwa mikono miwili. "Endelea. Na nini kingine?"

Denzil akaendelea. Huo ndio ukawa ubeti wa kwanza wa wimbo uliokuja kumlisha maisha yake yote.

Wakati huo alikuwa mpakiaji wa magunia kwenye kinu cha chakula cha mifugo huko Cutler's Ford, mji mdogo wa wakulima wa tumbaku kusini mwa Kentucky. Siku za Jumamosi alipiga gita na rafiki yake Hobart Pennick, mpiga fidla, mtu mrefu kama mlingoti ambaye akivua viatu hata mbwa wanahama baraza. Nyimbo za Denzil zilikuwa za mapenzi: mwezi, machozi, treni inaondoka. Watu walizisikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza matangazo ya mwisho wa ibada.

Mwaka uliofuata wakaalikwa kuimba kwenye karamu ya samaki ya kuchangia kikosi cha zima moto. Denzil akaimba nyimbo tatu za mwezi na treni. Hakuna aliyenyanyua kichwa kutoka kwenye kambale wake wa kukaanga. Basi kwa hasira akamwinamia Hobart.

"Nifuate. Haraka haraka."

"Nikufuate wapi?"

"Popote nitakapokwenda."

Akauimba mkate wa Arvella. Kwanza pakawa kimya, kimya cha watu wanaojiuliza kama wamesikia sawasawa. Kijiko kikaanguka. Halafu ukumbi mzima ukalipuka. Mkuu wa zima moto alipaliwa na mwiba wa samaki kwa kicheko, ikabidi vijana wake wampige mgongoni mpaka akautema. Denzil aliduwaa na gita lake kifuani. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza alipoona watu wakimtazama kweli kweli.

Ndipo alipomkumbuka mkewe. Roho ikamruka. Akamtafuta kwa macho, akamwona kule nyuma, kwenye meza ya vitindamlo, ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika. Denzil akateremka mbio.

"Nimekuaibisha?"

Arvella akauondoa mkono. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Rudi ukauimbe tena," akasema. "Na ile ya soksi umeisahau, mjinga wewe."

Ilichukua miaka sita kwa wimbo huo kufika Nashville, mji wa studio za muziki. Mtayarishaji mmoja, Lyle Vancleave, mtu wa pete tatu kila mkono, aliusikia kwenye kanda, akampigia Denzil simu palepale kinuni.

"Bwana Crabtree, huu si kantri na wala si pop. Huu ni wazimu. Njoo tuupambe."

Akaupamba kweli. Aliweka fidla kumi na mbili, kinanda, ngoma, na wasichana watatu wa kuitikia kwa sauti za malaika, "mafuta, mafuta ya taaa." Denzil alipousikiliza ukiwa umekamilika hakujua acheke au alie. Hobart alisema ni kama kumvisha nguruwe gauni la harusi. Santuri ikatoka masika ya mwaka 1973. Juma la nne Denzil alisimama kituo cha mafuta karibu na Elizabethtown, na yule mtu aliyekuwa anajaza tangi, mtu ambaye hajawahi kumwona, alikuwa anaimba kwa chini chini jina la Arvella. Denzil aliondoka pale bila kuchukua chenji yake. Mwezi wa tatu wimbo ukafika nafasi ya kumi na moja nchi nzima.

Kuanzia hapo kilichofuata hakikutofautiana sana na kilichotangulia, isipokuwa kilikuwa kikubwa zaidi. Arvella aliunguza paja la nguruwe la Krismasi mpaka likawa mkaa, naye ameketi sebuleni anasoma gazeti, ukatoka wimbo. Akatia dawa ya kuchua farasi kwenye keki badala ya vanila, maana chupa zilifanana, wimbo. Mtindi uliochacha wiki mbili, mafuta ya nguruwe yaliyovunda, kahawa iliyochemshwa na panya aliyekufa ndani ya birika. Nyimbo tatu, na ya panya ilipigwa marufuku na redio mbili za kanisa, jambo lililoiuza vizuri sana. Kwa jumla Denzil alitunga nyimbo sitini na moja, na arobaini kati ya hizo zilitoka jikoni kwake.

Arvella alisafiri naye ndani ya basi la bendi. Alioka mikate midogo ya mahindi, akaipaka vanishi, akaiuza mlangoni kama ukumbusho. Watu walipanga foleni awaandikie jina lake chini ya mkate. Wako wanawake waliomvuta pembeni.

"Dada, unavumiliaje? Mumeo anakutukana mbele ya halaiki."

"Mwache anitukane," Arvella alikuwa akijibu. "Unaliona lile basi? Lina magurudumu ya matusi."

Na alikuwa na tabia moja ambayo Denzil aliihesabu kuwa bahati yake kubwa. Kila chakula kilipoharibika, Arvella alivuta kiti, akaweka viwiko mezani, akauliza: "Haya, niambie. Harufu yake ikoje?" Wala hakuridhika na neno moja. "Kama nini? Nzito au nyepesi? Inafanana na ile ya mwaka juzi?" Denzil alijieleza, akachora kwa mikono, akarudia, akaandika nyuma ya bahasha. Aliwaambia watu kwamba hakuna mchekeshaji aliyepata mke kama wake, anayeharibu chakula kisha akamsaidia kukisimulia.

Miaka ya themanini mambo yakageuka. Vijana wenye kofia mpya na jinzi za kubana waliingia redioni, Vancleave akafunga studio, basi likauzwa kwa kwaya ya injili. Denzil na Hobart wakarudi kuzunguka na pikapu, wakiimba kwenye maonyesho ya wilaya na uzinduzi wa maduka ya matairi. Denzil hakunung'unika sana. Binti yao Tressa alikuwa ameshamaliza shule na kuanza kazi Owensboro, nyumba ilikuwa yao, na watu wa Cutler's Ford waliendelea kumwita "bwana mafuta ya taa". Halafu, mwanzoni mwa mwaka 1989, ikaja barua. Kituo kimoja cha televisheni cha Nashville kilikuwa kinaandaa onyesho la waimbaji wa vichekesho wa zamani, litakalorushwa moja kwa moja. Walimtaka yeye, na walimtaka na ule wimbo.

Wiki mbili kabla ya onyesho hilo, adhuhuri moja ya Machi, Denzil na Hobart walikuwa wanarejea kutoka Paducah. Pikapu iliposimama uani, kitu cha kwanza Denzil alichokiona ni mbwa. Mbwa wao mzee, ambaye siku zote alilala jikoni karibu na jiko, alikuwa amelala mbali kabisa, kwenye uzio, pua kati ya miguu. Kitu cha pili hakikuwa cha kuonekana.

"Mama yangu," Hobart akasema, mkono ukiwa bado kwenye kitasa cha gari. "Gesi!"

Harufu ilikuwa nzito uani kote, ile ya mayai viza. Dirisha la jikoni lilikuwa limefungwa kwa sababu ya baridi, na nyuma ya kioo Denzil alimwona mkewe amesimama mbele ya jiko, anaimba, ameshika boksi la kiberiti.

Hakukumbuka alivyoupita ukumbi wa mbele. Alichokumbuka baadaye ni kwamba alimwita mkewe kwa kelele, na alipousukuma mlango wa jikoni hewa ilimpiga usoni kama blanketi lililolowa, macho yakamchoma, na Arvella akageuka, njiti mkononi, akaanza kucheka.

"Umeanza vituko vyako," akasema. "Hata kusalimia bado?"

"Tupa! Tupa hicho kiberiti!"

"Denzil, hii ya leo ni nzuri. Hebu rudia ulivyoingia..."

Arvella alidhani mumewe anaigiza. Alikuwa amesimama ndani ya gesi mpaka kifuani, anatabasamu, anangoja mzaha uendelee, na kidole gumba chake kimeshaikaza njiti ubavuni mwa boksi. Denzil alimrukia. Aliupiga mkono wake, njiti zikatawanyika sakafuni, akamwinua mzimamzima kama gunia la kinuni, akatoka naye mlango wa nyuma, hakusimama mpaka walipofika uzioni kwa mbwa. Hobart alikuwa tayari amepiga magoti kwenye tangi la gesi lililoko nje, anafunga koki kwa mikono miwili.

"Una wazimu?" Arvella akafoka akitengeneza gauni. "Umeniumiza mkono."

"Gesi, Arvella! Nyumba nzima ni gesi!"

"Gesi gani?"

Hobart akaja akihema. "Shemeji, mimi nimeinusa nikiwa garini. Wewe umekaa mle tangu saa ngapi?"

Arvella akamtazama Hobart, kisha mumewe, kisha mlango wa jikoni uliokuwa wazi. Denzil aliuona uso wake ukibadilika rangi, ikawa kama anamjua mtu huyu na hamjui. Arvella akaketi kwenye nyasi kavu kama mtu aliyekatwa miguu.

"Tangu asubuhi," akasema polepole. "Nimeoka mkate humo. Jiko lilizimika, nikawa nataka kuliwasha tena."

Denzil akachuchumaa mbele yake.

"Arvella," akasema. "Husikii harufu?"

"Sisikii."

"Leo?"

"Sijasikia harufu yoyote tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu."

Akalieleza akitazama nyasi. Msimu wa kuanika tumbaku, baba yake alimpandisha kwenye boriti za banda la kukaushia kwa sababu alikuwa mwepesi. Akateleza, akaangukia kisogo. Hakujitambua siku mbili. Alipozinduka alikuwa anaona, anasikia, anatembea, na kila mtu alimshukuru Mungu. Siku ya tatu mama yake alimletea supu ya kuku, Arvella akaona ni kama amepewa maji ya moto yenye chumvi. Ulimi ulijua chumvi, sukari na uchachu. Mengine yote yalikuwa yamekwenda.

"Mama akaniambia nisimwambie mtu. Nani ataoa mpishi asiyenusa? Nikanyamaza."

"Mimi ningekuoa."

"Unasema hivyo leo. Wakati ule nilikufahamu miezi minne."

"Sawa. Na baadaye? Miaka ishirini na mitatu, Arvella!"

"Baadaye ulikuwa umeshatunga wimbo."

Hobart akaenda kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Denzil alizunguka uani, akarudi, akazunguka tena. Kichwani mwake nyimbo arobaini zilikuwa zinajipanga moja baada ya nyingine: paja lililoungua, dawa ya farasi, panya. Kila moja aliigeuza akaiona upande wa pili.

"Umeniacha nimcheke mtu mwenye ulemavu mbele ya watu nchi nzima," akasema. "Tena ni wewe unayeuza mikate mlangoni."

"Usiniite hivyo." Arvella alinyanyua uso, na alikuwa amekasirika kweli. "Na usinililie. Nilipocheka, nilicheka. Hakuna siku niliyojilazimisha. Unadhani nilikuwa nakuuliza harufu ikoje ili upate nyimbo? Nilikuwa nataka kujua, Denzil! Wewe ndiye pekee uliyewahi kuniambia vizuri. Mama angesema tu, inanuka. Wewe unasema soksi za fundi wa trekta. Nikaiona."

Denzil naye akaketi chini. Mbwa akaja akamwekea kichwa pajani.

Siku mbili baadaye walikwenda kwa daktari huko Bowling Green, kijana mwenye miwani. Alimfumba Arvella macho, akampitishia chupa ndogo chini ya pua: kahawa, mnanaa, karafuu, amonia. "Hakuna," Arvella akasema kila mara, isipokuwa amonia, ambayo alisema inamchoma. Daktari akaeleza kuwa mishipa myembamba ya fahamu juu ya pua ilikatika siku ile ya kuanguka, na haitaungana tena. Kisha akalisoma jina kwenye faili, akanyanyua kichwa.

"Ngojeni kwanza. Crabtree? Ninyi ndio wale wa mkate?" Na bila kungoja jibu akaanza kuimba, "mafuta, mafuta ya taaa."

Denzil alisimama. Ngumi ilikuwa imeshajikunja. Arvella akamshika mkanda wa suruali kwa nyuma, akamrudisha kitini, na kwa mkono wa pili akamwandikia daktari jina lake kwenye karatasi ya dawa.

Wakiwa njiani kurudi, Arvella alikaa na mkoba mapajani, anatazama dirishani. Walipopita mashamba ya kwanza ya tumbaku akasema, kama mtu anayeuliza bei ya mafuta:

"Siku aliyozaliwa Tressa, waliponipakatisha. Unakumbuka nilikuuliza nini?"

Hakukumbuka.

"Nilikuuliza, ananukiaje? Watu wote husema kichwa cha mtoto mchanga kinanukia. Ukainama, ukamnusa, ukaniambia, hanukii, ananuka, kama viatu vya Hobart. Wauguzi wakacheka. Nikacheka na mimi. Lakini lile nilikuwa nalitaka, Denzil. Lile moja."

Denzil aliitoa pikapu barabarani, akaizima. Akashika usukani kwa mikono miwili, akafumba macho. Alikiona chumba cha hospitali, pazia la kijani, shuka, mtoto mwekundu kama nyanya. Alijiona anainama. Alijisikia hata anavuta pumzi. Lakini mahali palipopaswa kuwa na harufu palikuwa na mzaha tu. Alikuwa ameinama akiwa tayari na maneno ya kuwachekesha wauguzi, na harufu yenyewe ilipita bila yeye kuikaribisha.

"Sikumbuki," akasema. "Arvella, haki ya Mungu sikumbuki. Nilikuwa nafikiria cha kusema."

Arvella aliitikia kwa kichwa. Lori la ng'ombe likawapita, pikapu ikayumba. Arvella akasema, "Haya, twende, nimechoka," na Denzil akawasha gari.

Nyumbani alimwambia kwamba hataimba Nashville. Atawapigia simu aseme anaumwa koo. Arvella alikuwa anapaka vanishi mikate ya ukumbusho mbele ya baraza, sitini, kwa ajili ya siku hiyo.

"Ukiacha kuuimba," alisema bila kuinua brashi, "nitajua unanihurumia. Na mimi mume wa kunihurumia simtaki. Nilimtaka yule mjinga."

Basi akaenda. Ukumbi ulikuwa umejaa, kamera nne, taa kali mpaka huoni safu ya pili. Hobart alianza na fidla, watu wakapiga makofi kwa kuutambua wimbo, Denzil akaingia na ubeti wa kwanza. Aliuimba vizuri. Akafika kwenye soksi za fundi wa trekta, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka.

Akajaribu tena. Hobart alirudia kipande chake mara mbili, mara tatu, halafu naye akaacha. Ukimya ukatanda kwenye televisheni ya moja kwa moja. Na ndipo watu wakaanza kucheka. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Kadiri Denzil alivyozidi kusimama pale, jasho likimtoka, mdomo ukifunguka na kufungika kama wa kambale, ndivyo walivyozidi kuangua kicheko. Hakuwahi kuogopa jukwaa maisha yake yote. Siku hiyo aliogopa kama mtu anayezama huku walioko ufukweni wakimpungia mkono.

Viatu vikalia nyuma yake. Arvella alikuwa anakuja kutoka nyuma ya pazia, na kikapu cha mikate mkononi, bila kualikwa na mtu yeyote. Akaishika maikrofoni, akaishusha mpaka kimo chake.

"Hajasahau maneno," akawaambia. "Juzi amegundua kuwa mkewe hana pua. Hii mnayoiona ni pambo."

Kicheko.

"Ni kweli. Nilianguka kutoka juu ya banda nikiwa na miaka kumi na mitatu. Sijanusa kitu tangu hapo."

Kicheko kikubwa zaidi. Arvella akangoja, nyusi moja imepanda, akawaacha wamalize kabisa.

"Miaka ishirini na mitatu huyu bwana analia kuhusu chakula changu. Hakuuliza hata siku moja kama kilichoharibika ni chakula peke yake."

Hapo kicheko kilianza, kikasita, kikajiangalia. Kisha akawasimulia ya gesi. Akaeleza alivyosimama na njiti, mume anaingia anapayuka, naye anamsifu kwa kuigiza vizuri. Hakuongeza hata neno moja. Ilikuwa vilevile ilivyotokea, na ukumbi ulikuwa hoi, watu wameinamia magoti yao, mwanamke mmoja safu ya mbele anacheka na kulia kwa pamoja, amemkamata mumewe mkono.

Denzil alimtazama mkewe kwa ubavu, na mshtuko wa siku hiyo ulizidi yote yaliyotangulia. Ile nyusi. Ule mngojo kabla ya neno la mwisho. Ile namna ya kusema jambo la kutisha kama anayeagiza chai. Kwa miaka yote hiyo alidhani mbinu hizo ni zake, amezaliwa nazo. Sasa aliona wazi alikojifunzia: mezani kwake, kwa mtu aliyeweka viwiko na kumuuliza, na nini kingine?

"Haya," Arvella akamwambia, maikrofoni ikisikika. "Imba. Hawa watu wana safari."

Akaimba. Sauti ilitoka imekwaruza, taratibu kuliko kawaida, na aliimba akimwangalia yeye. Kufika kwenye soksi, Arvella mwenyewe ndiye aliyeitikia, nje ya sauti kabisa.

Juma lililofuata simu haikunyamaza. Waliitwa Ohio, Missouri, hata Kanada. Kwa miaka saba walipanda jukwaani wote wawili, yeye akisimulia na Denzil akiimba, Hobart nyuma yao na fidla yake, na safari hii bango liliandikwa jina la Arvella juu. Barua zilikuja kwa magunia, nyingi kutoka kwa watu wasionusa: askari aliyepigwa kichwani, mwalimu aliyeugua mafua makali, mama mmoja wa Iowa aliyeandika kwamba ameficha miaka thelathini na sasa amemwambia mumewe, na mume ameketi garini hataki kushuka, amfanyeje. Arvella alizijibu zote. Denzil alitunga wimbo mmoja tu wa huzuni katika kipindi hicho, akauita "Sikumbuki". Redio ziliukataa. Hobart alinunua nakala mbili, yakawa ndiyo mauzo makubwa ya wimbo huo.

Walistaafu mwaka 1996 kwa sababu ya goti la Arvella. Redio ya pale Cutler's Ford ikawapa kipindi cha asubuhi: bei za nguruwe, hali ya hewa, matangazo ya duka la matairi, na saa mbili kamili matangazo ya vifo, ambayo Denzil aliyasoma kwa sauti nzito kama mchungaji.

Asubuhi moja ya Oktoba alikuwa anasoma habari za Cletus Hargis, mkulima, aliyefariki akiwa na miaka tisini na mmoja. "Ameacha watoto saba, wajukuu thelathini na wawili, na trekta lake alilolipenda."

"Trekta lile lilitangulia," Arvella akasema kwa upole, akidhani maikrofoni yake imezimwa. "Alikuwa analisukuma tu."

Denzil alijikaza. Alisoma jina la kanisa. Akasoma saa ya mazishi. Kisha kitu kikampasuka kifuani, akaangua kicheko hewani, juu ya marehemu, dakika nzima, paji la uso likiwa juu ya meza. Nyuma ya kioo meneja wa redio alikuwa amekuwa mweupe kama unga.

Simu ikalia. Taa nyekundu ikawaka. Denzil akaipokea.

"Mimi ni binti wa marehemu Hargis," sauti ya mwanamke ikasema.

"Mama, niwie radhi. Nakuomba radhi mbele ya Mungu na ya watu wote..."

"Radhi ya nini? Hapa nyumbani tangu Jumapili hakuna aliyecheka." Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi na vyombo. "Hebu rudieni. Shangazi alikuwa bafuni, hakusikia."

Denzil akamtazama mkewe. Arvella alikuwa ameshavaa miwani yake na kuisogeza maikrofoni karibu.